Mifupa ya Chiriku

Jiwe lilipita dirishani, likavunja kioo, likaling'oa birika la chai mkononi mwa mwanamke mjamzito, kisha likatua kitandani na kutulia pale kama mgeni aliyealikwa. La pili likafuata. Mwanamke alijisukuma na tumbo lake mpaka chini ya meza. Nje, vijana wa mitaa miwili walikuwa wanakimbizana tena kwa mapanga na minyororo ya baiskeli, kwa ugomvi ambao hata wao wenyewe, ukiwakamata mmoja mmoja, wasingeweza kukueleza ulianzia wapi. Wiki ile ile fundi cherehani alikuwa amechanwa uso pale kwenye kona, mchana kweupe, kwa kosa la kumtazama mtu.

Mumewe alimkuta bado yuko chini ya meza, vipande vya kioo vikimetameta kwenye nywele zake. Alirudi karakana, akaja na mabamba mawili ya chuma, mashine yake ya kuchomelea na kinyago, na jua halijazama madirisha yote mawili ya chumba chao yalikuwa yamezibwa, chuma juu ya chuma, hata upepo ukitaka kupita uombe ruhusa.

"Sasa warushe hata mlima," alisema.

Chumba kikawa giza, wakawasha taa. Tangu siku hiyo taa ile ikawa inawaka asubuhi, mchana na jioni, na mwanamke akawaambia ndugu zake kwamba hajawahi kulala usingizi mzito namna ile.

Mume huyo watu walimwita Cheche. Sababu ya kwanza ilikuwa kazi yake ya kuchomelea vyuma. Ya pili ilikuwa hasira zake, maana alikuwa anawaka kwa jambo dogo na kuzimika kabla hujajua kilichomuwasha. Karakana alishawahi kumpiga mwenzake kwa spana begani kwa sababu ya utani. Nyumbani, mlango wa kabati ulikuwa na tundu la ukubwa wa ngumi. Mkewe hakuwahi kuonja kofi lake, lakini alilijua tundu lile, na kila alipotoa nguo kabatini mkono wake ulipita pembeni yake kama mtu anayempita mbwa aliyelala.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Kabla hata hajakaa vizuri alikuwa anabwabwaja, na alipofika umri ambao wenzake wanasema "mama" na "tata," yeye alikuwa anaamuru: leta, acha, sitaki. Wakamwita Chiriku, kama ndege yule asiyefunga mdomo. Mama yake naye akawa Mama Chiriku.

Alimlea ndani. Mahitaji yake aliyapata kwenye kibanda kilichokuwa mlangoni mwa jengo, chini ya ngazi. Nguo alizianika kwenye kamba iliyopita juu ya kitanda. Dada mmoja wa jirani alipomshauri amtoe mtoto akapunge upepo, alijibu, "Nimtoe akaone nini? Mapanga?" Na nani angemlaumu? Mwezi ule ule kijana alikuwa amekufa mbele ya kibanda kile, akishikilia shingo yake kwa mikono miwili kama anayejaribu kufunga kola.

Basi dalili zikaanza kuja, moja moja, kwa adabu, na kila moja ilipofika ilipewa sababu na kuondoka zake. Kichwa cha mtoto kilitoa jasho mpaka mto ukalowa. Wakasema ni joto la taa. Meno yalichelewa, Cheche akasema hata baba yake alichelewa, na baadaye akatafuna mifupa ya ng'ombe. Miguu ilipinda kama upinde. Wakasema ni kubebwa kiunoni. Vifundo vya mikono vilivimba kama vya mtu aliyevaa bangili chini ya ngozi. Wakasema ni unene, ingawa hapakuwa na unene popote pengine. Wenzake walipokuwa wanakimbia koridoni, Chiriku alijikokota kwa makalio, akitoa amri njia nzima. Na ukimshika kwapani kumnyanyua, alilia. Siyo kilio cha deko. Alilia kama aliyeguswa kidonda.

Mama mwenyewe hakuwa na nafuu. Nyonga zilimuuma, mgongo ulimuuma, mbavu zilimuuma hata akikohoa. Akikaa kwenye kigoda, kuinuka kwake ilikuwa safari: aliweka mikono magotini, akajipanda mapaja yake mwenyewe kama mtu anayepanda ukuta. Akitembea aliyumba huku na huku. Watoto wa ngazini walimwita Bata.

"Utazeeka kabla ya mama yangu," Cheche alimwambia siku moja.

"Kuzaa siyo kuchomelea geti, bwana."

Wakacheka. Akanywa vidonge vya maumivu, wakalala.

Siku yenyewe ilikuwa ya mapumziko. Mama Chiriku alikuwa jikoni, jiko la wapangaji wote lililokuwa mwisho wa koridoni. Cheche alibaki chumbani anamvalisha mtoto sweta. Mkono wa sweta ulikuwa unabana na Chiriku hakutaka. Alijipinda, akapiga teke, akasema sitaki, sitaki, sitaki. Cheche akawaka.

"We! Tulia!"

Akauvuta mkono wa mtoto utokeze upande wa pili. Akasikia kitu kikilia *ka*, kama kijiti kikavu.

Kwa muda mfupi mtoto hakutoa sauti, mdomo wazi tu. Halafu ukatoka ukelele uliopanda kuta za jengo lile mpaka ghorofa ya juu, kwa mama mmoja mnene ambaye wapangaji wote walimwita Redio. Redio alikuwa amesikia pia ile "Tulia!" Alikuwa amesikia mengine mengi miezi ya nyuma, na yale ambayo hakuyasikia aliyajazia. Akachukua simu akampigia kaka yake Mama Chiriku, mwenye bucha, kama alivyoagizwa zamani: ukisikia chochote, nipigie.

Mama Chiriku aliingia mbio, mbio zake zile za bata, akaona mkono wa mtoto unaning'inia vibaya juu ya kiwiko.

"Umefanya nini?"

"Namvalisha tu. Namvalisha, mke wangu, wallahi."

"Nimekusikia unafoka!"

"Nimefoka, ndiyo, lakini sijam..." Alinyoosha mikono ampokee mtoto.

"Usimguse!"

Hakuwahi kumwambia hivyo. Cheche alirudisha mikono yake, akaitazama kama vyombo vya mtu mwingine.

Hospitali walikwenda wote, lakini mtoto alibebwa na mama peke yake. Walipofika, muuguzi alitaka kadi ya kliniki, blanketi na nguo za kubadilisha, kwa hiyo Cheche akarudi nyumbani kuvichukua. Alipotoka tu lango hili, shemeji yake aliingia kwa lango lile.

Shemeji huyo walimwita Nundu, kwa ile nyama nene iliyolala nyuma ya shingo yake. Alikuwa mtu wa kuchinja na kukata tangu ujana, mwenye mikono ambayo ikishika bega lako unajua imeshika. Hakuwa mtu mbaya. Chiriku alikuwa mpwa wake wa pekee, na kila alipomtembelea alikubali kuamrishwa: mjomba kaa, mjomba inuka, mjomba lia. Na alilia, kwa sauti ya ng'ombe, mpaka mtoto akaishiwa pumzi kwa kicheko. Sasa alisimama na aproni yenye damu kando ya kitanda cha mpwa wake, na daktari kijana wa zamu akaja na picha za eksirei.

"Mkono umevunjika," alisema daktari. "Lakini siyo huo tu. Mbavu hizi mbili ziliwahi kuvunjika zamani kidogo, zinajiunga zenyewe. Nani anakaa na mtoto?"

"Mimi," alisema Mama Chiriku. "Na baba yake."

"Uliona ilivyotokea leo?"

"Sikuona. Nilikuwa jikoni."

"Baba amewahi kumpiga?"

Alifungua mdomo aseme hapana. Hapo hapo akakumbuka kabati. Akakumbuka kwamba kila alipokwenda jikoni, wawili hao walibaki peke yao. Akakumbuka vilio vya mtoto akinyanyuliwa. Mbavu!

"Sikuona," alisema tena.

"Nijibu mimi, dada," Nundu alisema polepole. "Anampiga?"

"Sijui, kaka. Sijui. Sikuona."

Daktari alisema ni lazima awaite watu wa ustawi wa jamii na polisi, ndiyo utaratibu. Nundu alitikisa kichwa kama mtu anayekubaliana na kila neno. Akamgusa mpwa wake kidole cha mguu. Akatoka. Mama Chiriku alimsikia kule nje akipiga simu: "Acheni kazi. Njooni na gari."

Angeweza kumzuia. Hakumzuia.

Daktari mkuu wa watoto, mama wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, aliingia akiwa amezishika picha zile juu, akizitazama kwenye mwanga wa dirisha. Alizitazama muda mrefu. Kisha akaziweka chini akamtazama mtoto, akakishika kifundo cha ule mkono mzima, akakibonyeza taratibu. Akapitisha vidole kifuani, pale mbavu zinapokutana na sehemu ya mbele. Palikuwa na vinundu vilivyopangana, kama shanga chini ya ngozi. Akagusa utosi wa mtoto. Ulikuwa bado laini.

"Mama, anatembea?"

"Bado."

"Na anakaribia miaka miwili. Akilala anatokwa jasho kichwani?"

Mama Chiriku alishangaa amejuaje. "Sana."

"Anakula nini?"

"Ananyonya. Na uji. Mkate na chai. Vingine hataki."

"Jua anaota wapi?"

"Jua la nini?"

"Jua, mama. Hili lililoko juu."

"Hatutoki, daktari. Mtaani kwetu wanachinjana."

"Hata dirishani?"

"Tumeziba kwa chuma."

Daktari akasema kitu ambacho Mama Chiriku alikidhani dharau. "Wewe hebu chuchumaa hapo chini. Sasa inuka bila kushika kitu."

Alijaribu. Mapaja yalitetemeka, nyonga zikawaka moto, akaanguka kwa makalio sakafuni. Alijaribu tena, machozi yakaanza, siyo ya maumivu. Daktari alimshika kwapani, akamsimamisha mwenyewe.

"Tangu lini uko hivi?"

"Tangu nijifungue. Nilidhani ni uzazi."

"Nisikilizeni nyote wawili," daktari alisema, akimtazama na yule daktari kijana. "Angalieni ncha za mifupa hii. Mfupa wa mtoto huisha kwa mstari safi. Huu umechakaa, umetanuka kama kikombe, kama ncha ya kamba iliyofumuka. Huu ni mfupa laini. Mwili wa mtu hutengeneza vitamini D ngozi inapopata jua, na bila vitamini hiyo madini ya chakula hayaingii mfupani hata ule vipi. Ngozi nyeusi kama yetu ndiyo inayohitaji jua zaidi. Wewe mama huna, kwa hiyo maziwa yako hayana, kwa hiyo mtoto hana. Na chakula anachokula hakina."

"Na mbavu?" daktari kijana aliuliza.

"Mbavu kama hizi zinaweza kuvunjika kwa kunyanyuliwa tu. Ulifanya vizuri kuuliza maswali yako, na watu wa ustawi waje. Mimi siwezi kuapa kwamba hakuna mkono wa mtu. Ninachosema ni kwamba mifupa hii haihitaji mkono wa mtu. Hata sweta linatosha. Tupime damu ya wote wawili."

Mama Chiriku alikuwa amesikia neno moja tu.

"Sweta?"

"Sweta, ndiyo. Kwani baba alisema nini?"

Mama Chiriku alikuwa tayari na simu sikioni. Ya kaka yake iliita mpaka ikakata. Ya mumewe iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Akamwacha mtoto kwa muuguzi, akatoka akishika kuta.

Cheche alikuwa anakunja blanketi mlango ulipofunguliwa. Alipomwona Nundu alishusha pumzi.

"Shemeji, afadhali umekuja. Wamesemaje?"

Ngumi ilimkuta bado anauliza. Alianguka juu ya kitanda, nguo za mtoto zikamwangukia usoni. Nyuma ya Nundu waliingia wanaume wawili wa machinjioni, mmoja mrefu, mmoja mfupi, wakafunga mlango kwa utulivu wa watu waliozoea kufunga mlango kabla ya kazi.

Cheche hakuwa mtu wa kulala chini. Alirusha kigoda kikampata yule mfupi puani, damu ikamwagika mpaka kidevuni. Akamrukia Nundu, akamng'ata sikio. Walianguka pamoja juu ya meza, meza ikavunjika mguu. Yule mrefu alimpiga teke la mgongo, kisha la pili, la tatu likaingia jichoni, na Cheche akaona cheche ambazo hazikutoka kwenye mashine. Wakamlaza kifudifudi. Mfupi akamkalia kichwani, damu ya pua yake ikimdondokea shingoni.

"Mtoto wa miaka miwili!" Nundu alikuwa analia. Analia kweli, kamasi zinatoka. "Mbavu! Umemvunja mbavu ukanyamaza!"

"Mbavu gani?" Cheche alisema kutoka sakafuni. "Shemeji, mbavu gani?"

"Mkono gani uliomshika?"

"Nilikuwa namvalisha..."

"Mkono gani!"

Simu iliita mahali fulani chini ya blanketi. Hakuna aliyeitazama. Sanduku la vifaa la Cheche lilikuwa pale pale miguuni pao, wazi, na nyundo ilikuwa juu. Yule mrefu aliukanyaga mkono wa kulia kwenye kifundo, akaunyoosha juu ya mguu wa meza uliovunjika. Nundu alipiga mara moja, juu ya kiwiko.

Mama Chiriku alikuwa koridoni alipousikia ukelele ule. Hakujua kwamba mumewe ana sauti hiyo. Aligonga mlango kwa viganja, kwa ngumi, kwa paji la uso. "Kaka! Hakumpiga! Ni jua! Kaka, ni jua!"

Ndani walisikia neno jua wakadhani ni kichaa cha uchungu wa mwana. Yule mfupi alipofungua, ndipo nyundo ikashuka mara ya pili, kwenye vidole, na hiyo aliiona. Aliona kila kitu: mkono ulivyofanya, uso wa kaka yake ulivyofanya. Alimwendea Nundu akamshika nguo za kifuani akamtikisa, yeye ambaye hakuweza kuinuka kwenye kigoda.

"Ni ugonjwa! Mifupa yake ni laini, hata mimi yangu ni laini, daktari amesema! Hakumpiga!"

Nundu aliitazama nyundo mkononi mwake. "Wewe si ulisema..."

"Nilisema sikuona!"

"Ndiyo," Nundu alisema. "Ulisema hukuona."

Akaketi sakafuni kando ya shemeji yake, pumzi zimemwishia. Wale wawili wa machinjioni walitazamana, wakaondoka kimya kimya, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi ya kutangulia.

Majibu ya damu yalipotoka hayakuwa na ubishi. Mtoto alikuwa karibu hana kabisa vitamini ile, na mama naye vivyo hivyo. Watu wa ustawi wa jamii waliuliza, wakaandika, wakamhoji hata Redio, ambaye safari hii alisema maneno machache kuliko kawaida yake. Chiriku alipewa matone na dawa ya madini, mama akapewa vidonge vyake, na wakaambiwa mayai, maziwa, samaki wenye mafuta, na jua: ngozi wazi, nje hasa, siyo nyuma ya kioo, maana kioo hukizuia kile ambacho mwili unakitaka. Mkono wa mtoto ulijiunga haraka. Mifupa ya mtoto ukiipa inachodai haina kinyongo.

Wa Cheche haukuwa hivyo. Walimpasua, wakamtia vyuma, yeye aliyekuwa anaunga vyuma. Vidole vitatu havikukunja tena. Jicho la kushoto lilibaki linaona mwanga na kivuli basi. Daktari mwenye sauti ya kukwaruza alikwenda wodini kwake kumweleza mwenyewe. Cheche alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni kukosa jua," alisema.

"Ndiyo."

"Na aliyeziba madirisha ni mimi."

"Ulikuwa unawakinga. Hukujua."

Alianza kucheka. Alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba ahamishwe, na wauguzi walipokuja kumtuliza walikuta siyo kicheko tena.

Nundu alikamatwa, akaachiwa kwa dhamana kusubiri kesi. Alirudi buchani kwake akakata nyama bila kusema na mtu. Hapo ndipo Cheche alipomfuata, siku chache baada ya kutoka wodini, mkono wa kulia bado kwenye plasta, jicho limefunikwa. Wateja walikuwa wamejaa. Walipomwona wakajitenga wenyewe, kama maji.

Nundu aliweka kisu chini. "Shemeji."

"Usiniite hivyo."

"Nilikosea. Nilikuja mara mbili hospitali, wakanifukuza. Sina la kusema. Nilikosea."

"Mkono gani?" Cheche aliuliza.

Nundu alimwelewa. Alifuta mkono wake wa kulia kwenye aproni, akauweka juu ya gogo la kukatia, katikati ya vipande vya mifupa, akageuzia uso ukutani. Cheche aliliokota shoka la bucha kwa mkono wa kushoto. Alilipima uzito. Mwanamke mmoja alianza kusema hapana, hapana, hapana. Cheche aliligeuza, kisogo cha shoka kikawa chini, akapiga.

Mlio ule aliufahamu. Alikuwa ameusikia kwenye sweta na ameusikia kwenye mguu wa meza. Alisubiri furaha ije. Siku zote tangu atoke hospitali alikuwa ameiahidi nafsi yake furaha hiyo, na sasa alisimama na shoka mkononi akiingoja, huku Nundu amepiga magoti anaung'ata mkono wa shati lake asipige kelele. Haikuja. Wale wawili wa machinjioni walitoka chumba cha nyuma, na yule mfupi, pua yake bado imepinda, alimpiga Cheche kwa ndoo ya matumbo kichwani. Wakamwangushia mateke mpaka Nundu, kutoka sakafuni, akanguruma:

"Mwacheni! Mwacheni, nimesema! Imetosha!"

Mahakamani walisimama siku moja, mmoja na plasta kulia na mwenzake na plasta kulia, watu wakacheka, hakimu akawanyamazisha. Mama Chiriku alitoa ushahidi. Alieleza alichokiona chumbani, nyundo na yote, bila kumpunguzia kaka yake hata pigo moja. Alipoulizwa kuhusu bucha alieleza pia alivyosimuliwa, bila kumpunguzia mumewe. Nundu alifungwa. Cheche alipewa kifungo cha nje, kwa hali yake. Nje ya mahakama mama mzazi wa Mama Chiriku alimshika binti yake kidevu.

"Kaka yako umemtia ndani kwa mdomo wako."

"Kwa nyundo aliyoshika, mama."

"Basi mimi na wewe tumemalizana." Na akaenda zake, na hakupokea simu yake mwaka ule wote.

Mama Chiriku alihama. Alitafuta chumba ghorofa ya mwisho ya jengo lingine, mtaa mwingine, penye paa la kuanikia nguo. Hakuhama na mume. Alimwambia waziwazi, huku anafunga mizigo, "Sitaki mwanangu akulie katikati ya nyundo na shoka. Njoo umwone utakapo. Kulala, hapana."

Cheche hakufoka. Alimsaidia kushusha godoro kwa mkono mmoja.

Alikuwa anakuja Jumapili. Walikaa juu ya paa, kati ya mashuka ya watu, na Chiriku katika kaptula yake alitembea akishika beseni, akishika kamba, akishika suruali ya baba yake, miguu bado imepinda kiasi lakini inambeba. Daktari alisema itanyooka yenyewe akiendelea hivi. Mama yake sasa aliweza kuchuchumaa akafua na kuinuka kama mtu. Cheche hakumnyanyua mtoto. Alikaa chini ili mtoto aje mwenyewe, na mtoto alikuja, akampanda, akamwamuru.

Jumapili moja aliuliza, bila kumtazama mkewe. "Siku ile hospitali. Uliamini kwamba ni mimi?"

Angeweza kumdanganya. Alikuwa na nguo mikononi na jibu zuri lingepita tu kwa upepo.

"Niliamini."

"Hata kidogo hukusema, labda siyo?"

"Hata kidogo."

"Kwa nini?"

Alikung'uta shuka, akalibana kwa vibanio viwili kabla ya kujibu. "Kwa sababu nilikuwa nakuogopa tangu zamani. Na hukuwahi kuniuliza."

Mkono mbovu wa Cheche ulikuwa umelala gotini, vidole vitatu vimenyooka.

"Baba," Chiriku alisema, "maji."

Akainuka kwa uangalifu, mtoto akiwa amemwacha kwanza, akashuka ngazi kwenda kuyaleta.